Kumtunza Kasuku Mdogo wa Tunduni

Wewe uliyenunua kasuku mdogo sokoni Kolwezi, au uliyeletewa na ndugu yako kutoka Lubumbashi, soma maneno haya kabla hujatundika tundu lake. Ndege huyu si kuku. Kuku akikosa chakula atakwenda kuparua nyuma ya nyumba. Huyu hana pa kwenda: hula, hunywa na kuvuta hewa ile tu uliyomwekea wewe. Ndiyo maana wengi hufa mapema, wala si kwa ugonjwa, bali kwa mambo ambayo mwenyewe hakuyajua.

Kasuku tunayemsema ni yule wa kijani au wa rangi ya samawati, mwenye mkia mrefu, ambaye wanaojua Kifaransa humwita perruche. Uzito wake ni gramu 30 mpaka 40 tu. Asili yake ni nchi kavu ya Australia. Mwaka 1840 Mwingereza John Gould alileta kwao wengine walio hai, na tangu zamani hizo wamezaliana tunduni. Basi kumfuga huyu si kumwibia mwitu. Kasuku mkubwa wa kijivu, mwenye mkia mwekundu, ni habari nyingine. Huyo hunaswa katika misitu ya Kongo, na wengi hufa njiani kabla ya kufika sokoni. Mwaka 2016 mataifa yalikutana Johannesburg, yakakubaliana kuzuia biashara ya kuwauza nje ya nchi wale walionaswa mwituni. Mtu akikuletea huyo mlangoni, usimnunue.

Chagua ndege aliye mchanga. Utamjua kwa mistari myeusi iliyofika mpaka juu ya pua. Akipata miezi 3 au 4 mistari hiyo hutoweka na kipaji huwa safi. Akikomaa, dume kwa kawaida huwa na ngozi ya samawati puani, na jike huwa na ya kahawia. Kwao huruka kwa makundi makubwa, kwa hiyo wawili ni bora kuliko mmoja. Ukimweka peke yake, yakupasa kusema naye kila siku.

Tundu liwe pana kuliko kuwa refu, maana ndege huruka kwenda mbele, hapandi juu kama moshi. Kwa ndege wawili, upana usipungue sentimita 60. Weka vijiti vya mpera, vingine vinene, vingine vyembamba, ili miguu yake isichoke kushika mahali pamoja. Sasa angalia sana waya. Katika nchi yetu waya wa shaba hupatikana kila mahali, na fundi hupenda kufungia tundu kwa waya huo, au kwa vipande vya waya wa umeme, kisha huziba kwa risasi. Usikubali. Kasuku hutafuna kila kitu kwa mdomo wake, na shaba, zinki na risasi ni sumu tumboni mwake. Waya mpya uliopakwa zinki usuguliwe kwanza kwa brashi na siki, kisha uoshwe na kukaushwa. Matete na mianzi hayana hatari. Atayatafuna nayo, nawe utabadili.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiweke tunduni yale mawe ya kijani yanayopendeza macho, ingawa watoto huyaokota ovyo. Baba anayerudi machimboni abadili nguo na kunawa kabla ya kushika ndege. Magunia ya madini yasilale chumba kimoja na tundu. Wala yasilale chumba kimoja na watoto, lakini hilo ni somo jingine. Maji ya kumpa yawe yale unayokunywa wewe, yabadilishwe kila asubuhi. Usiteke katika ziwa Malo wala katika kijito chochote ambamo watu huosha mawe.

Chakula chake ni mbegu ndogo: mawele, ulezi, mtama uliovunjwavunjwa. Vijiko 2 vya chai vyatosha ndege mmoja kwa siku. Hapa wanaoanza kufuga hudanganyika sana. Kasuku humenya kila mbegu na kuliacha ganda palepale bakulini. Jioni mwenyewe hutazama, huona bakuli limejaa, huridhika. Kumbe ni maganda matupu, na ndege ana njaa. Kila siku puliza maganda yatoke, ndipo utaona kilichobaki. Mwili mdogo namna ile hauna akiba ya kungoja.

Mbegu peke yake hazitoshi. Mpe lengalenga iliyooshwa vema, kipande cha karoti, au mahindi mabichi. Sombe mbichi usimpe, kwa kuwa ina sumu ile ile inayotufanya sisi tuipike sana. Avoka usimpe kabisa, hata kidogo; humwua. Chumvi, chokoleti na pombe ni vivyo hivyo. Bukari si sumu, ila hushiba bila kupata nguvu.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa kuliko yote, nalo ni hewa. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku wa Kolwezi ni baridi kali. Mwenye ndege humwonea huruma, hulileta tundu karibu na mbabula, hufunga mlango na dirisha, hulala. Asubuhi ndege yuko chini ya tundu, amekufa. Watu husema amelogwa, au baridi imemwua. Sivyo. Makala yakiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa hutoa hewa mbaya isiyoonekana na isiyonuka. Hewa hiyo huingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa njema. Na ndege huvuta hewa kwa namna yake: pamoja na mapafu ana mifuko ya hewa mwilini, na hewa hupita mapafuni ikienda upande mmoja, hivyo huchukua nyingi kuliko sisi. Hii humsaidia kuruka, lakini humfanya apatwe na sumu upesi.

Waingereza walilitumia jambo hili. Katika machimbo yao ya makaa ya mawe walishuka na ndege wadogo wa manjano katika tundu, mpaka mwaka 1986. Ndege akianguka, watu walipanda juu mbio. Kwa hiyo ndege akifa karibu na mbabula, usimtupe tu. Fungua dirisha, toa mbabula nje, tazama watoto. Hewa iliyomwua yeye huua watu pia, ila inakawia.

Wakati wa baridi, funika tundu kwa blanketi jepesi, ukiacha upande mmoja wazi. Liweke mbali na mlango, na mbali na jiko. Kikaango kile kisichoshika chakula kikipata moto kupita kiasi hutoa mvuke unaomwua kwa dakika chache, basi jikoni si mahali pake kabisa. Wala usimtundike kando ya barabara ya malori, kwa sababu ya vumbi.

Ndege huficha ugonjwa wake, maana mwituni mgonjwa ndiye hukamatwa kwanza. Ukimwona amevimbisha manyoya mchana, amelala miguu yote miwili chini, au amekaa sakafuni mwa tundu, jua kwamba ameugua tangu siku nyingi. Mshike polepole, papasa kifua: mfupa ukichoma kidole kama kisu, amekonda. Mtenge na wenzake. Mtie joto kwa chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, si kwa makala. Kisha umpeleke kwa mganga wa wanyama siku hiyo hiyo.

Nawa mikono kila umalizapo kusafisha tundu, na mavi makavu yalowanishe kwanza, usiyafagie yakaruka. Iko homa ya kasuku inayoingia kwa watu kwa vumbi hilo. Mwaka 1929 na 1930 ilienea katika nchi nyingi kwa ndege waliouzwa. Ukipata homa, kichwa na kikohozi kikavu, mwambie daktari kwamba unafuga kasuku. Dawa yake ipo, lakini asipoambiwa habari za ndege atatafuta homa nyingine.