Dondoo muhimu: Kikombe cha mtoto

Kabla hajatimiza miezi 6, maziwa ya mama pekee yanatosha, hata kwenye joto la Dar, maji hayahitaji. Baada ya hapo mpe maji yaliyochemshwa na kupozwa, kwa kikombe cha wazi, maana chupa ya chuchu ni kazi kuisafisha. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja.

Tunachokidharau ni chai ya rangi. Akishushia nayo maharage au mchicha, inapunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyafyonza. Soda ya kola, mililita 300, ina sukari ya karibu vijiko 8 vya chai. Na juisi ya unga? Soma pakiti: mara nyingi ni sukari, rangi na ladha. Bora embe lenyewe, limenywe, likatwe vipande laini.