Sadaka ya Bonasi Huanzia Nyumbani



Kila mwaka, Septemba na Oktoba zinapofika, nyumba nyingi za Kericho na Bomet husubiri jambo moja: bonasi ya chai. Mwaka mzima mkulima mdogo hulipwa kiasi kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka kituoni. Bonasi huja baada ya hesabu za mwaka unaoishia Juni kufungwa. Ndipo karo, madeni ya dukani, mabati na mchango wa kanisa hufika mlangoni siku moja. Leo tuutazame huo mchango wa kanisa. Waweza kuwa ibada ya kweli ya mume na mke. Waweza pia kuleta ugomvi.

1. Jasho ni la nani?

Katika nyumba nyingi namba ya mkulima imeandikwa kwa jina la mume. Lakini ni nani huingia shambani asubuhi, umande ukingali juu ya michai, akichuma majani mawili na chipukizi? Mara nyingi ni mke. Basi baba anaposimama kwenye harambee ya parokia akaahidi shilingi 20,000, na mama akazisikia kwa mara ya kwanza akiwa pale kwenye benchi, baba ametoa jasho la mwenzake bila kumwuliza. Watu watapiga makofi, na mama naye atapiga. Lakini jioni nyumba hiyo haitakuwa na amani. Kosa hili si la waume peke yao. Mama anayechota karo kwa siri ili asionekane mdogo mbele ya wenzake wa chama amefanya vivyo hivyo.

Bwana wetu anatufundisha kuiacha sadaka mbele ya altare, twende kwanza tukapatane na ndugu (Mathayo 5:23-24). Kwa mtu aliyefunga ndoa, ndugu aliye karibu kuliko wote ni mwenzi wake.

2. Kupatana katika ukweli

Anania na Safira walikuwa mume na mke, nao walipatana. Ila walipatana kudanganya (Matendo 5:1-11). Petro alimkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa lake na fedha zake zilikuwa mikononi mwake. Hakuna aliyewalazimisha kutoa zote. Kosa lao ni kubakiza sehemu huku wakitaka sifa ya watu waliotoa zote. Ninyi mkiweza shilingi 500, toeni 500 bila haya. Ahadi kubwa isiyolipwa haimpendezi Mungu.

3. Bila tarumbeta

Harambee si dhambi; imejenga shule, zahanati na makanisa mengi nchini kwetu. Hatari ipo pale jina la mtoaji linapokuwa kubwa kuliko la Mungu. Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, lilikataa mchango uliotolewa kanisani na Rais wa nchi, likikumbusha kwamba kanisa lisigeuzwe jukwaa la siasa. Hata sisi wadogo tunazo siasa zetu: kumshinda jirani, kutajwa wa kwanza, kukumbushana kila mwaka nani alinunua benchi lipi.

4. Bonasi ikiwa ndogo

Oktoba 2025 wakulima wengi wa huku walipata bonasi ndogo kuliko ya mwaka uliotangulia, wakanung'unika, na haki ilikuwa yao kuuliza. Je, sadaka ife? Mjane wa Marko 12:41-44 alitoa sarafu mbili, na Yesu akamsifu kuliko matajiri. Lakini tusisahau: muda mfupi kabla ya hapo, Yesu aliwakemea wanaokula nyumba za wajane. Kwa hiyo sadaka isichukue chakula cha watoto wala dawa ya mzee. Ila isiwe makombo pia. Mgeni akifika, mama hamtolei mursik iliyobaki chini ya kibuyu. Humpa iliyo nzuri. Mungu naye tumtengee mapema, hata kama ni kidogo.

5. Fanyeni hivi

Kabla fedha hazijafika, kaeni baada ya chakula cha jioni. Salini kidogo. Andikeni mahitaji yote, kisha patanani kiasi cha kanisa na kiasi cha jirani mwenye shida, kwa mfano kibarua anayechuma chai na hana shamba. Mtakatifu Yustino, aliyeandika huko Roma karibu mwaka 155, aeleza kwamba Wakristo waliokusanyika Dominika walitoa kila mmoja kwa hiari yake, na michango hiyo ikawasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tangu zamani, basi, meza ya Bwana na meza ya maskini hazikutenganishwa. Mkate na divai vinapopelekwa altareni, jasho lenu linakwenda pamoja navyo. Kwa jirani, nendeni jioni, bila shahidi.

Maswali ya kujadiliana

1. Mchango wetu wa mwisho, tuliuamua wawili au mmoja?
2. Je, tungetoa kiasi kile kile kama majina yasingesomwa?
3. Ni nani katika jumuiya yetu ndogo ambaye bonasi haimfikii?

Mungu aibariki mikono yenu ichumayo, na aibariki ikitoa.