Ukali Bila Kelele: Namna ya Kuifufua Timu ya Kikapu ya Chuo

Timu ya chuo inayofungwa kila inapocheza mara nyingi haijakosa vipaji, imekosa utaratibu. Ninafundisha kikapu katika chuo cha kati huku pwani ya Lindi. Nilipokabidhiwa timu, mazoezi yalianza pale watu walipotosha, mfungaji hodari alikuja akijisikia, na ikifika robo ya nne kila mtu yuko hoi. Makala hii ni ya mwalimu wa michezo, awe Kilwa Masoko, Lindi mjini au Nachingwea, aliyerithi timu ya namna hiyo na hana bajeti.

Kocha ninayemchukulia mfano ni Jim Calhoun. Sisi Watanzania tunamjua kupitia Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechezea Chuo Kikuu cha Connecticut kuanzia 2006 hadi 2009, kisha akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA wa 2009 na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Calhoun ndiye aliyemfundisha. Alipoichukua Connecticut mwaka 1986, timu ilikuwa imetoka kwenye misimu kadhaa ya kupoteza, na msimu wake wa kwanza ukawa mbaya vilevile: alishinda mechi 9, akafungwa 19. Mwaka 1988 akatwaa kombe la NIT, ambalo kule Marekani ni la daraja la pili kwa vyuo. Ubingwa wa taifa ulikuja 1999, halafu 2004 na 2011. Kelele zake kando ya uwanja zilikuwa maarufu, lakini kelele kila kocha anazo. Kinachofaa kuigwa ni kile kilichokuwa nyuma ya kelele hizo, yaani utaratibu.

Sheria tatu, zisizidi

Siku ya kwanza usishike mpira. Wakalishe chini, wasomee sheria, na kila sheria iwe na adhabu yake hapohapo. Zangu ni tatu: kufika kabla ya muda, kuhudhuria darasani, na kutomtukana mwenzako wala refa. Anayevunja hakimbizwi mizunguko kumi wala hapigishwi pushapu. Anakaa benchi. Kwa mchezaji, dakika za kucheza ndiyo mshahara wake, na ukizigusa hizo huhitaji kupaza sauti.

Sheria itapimwa kwa mchezaji wako bora, na wenzake watakuwa wanaangalia. Kwetu ilikuwa nahodha, siku ya mechi ya nyumbani. Alifika wengine wameshapasha mwili, viatu mkononi, jasho linamtiririka.

"Shikamoo mwalimu. Bajaji imetuharibikia njiani."

"Marahaba. Pole sana. Robo mbili za kwanza uko benchi."

Hakubisha, maana adhabu aliijua tangu mwanzo wa muhula. Alikaa akishangilia wenzake, akaingia robo ya tatu akicheza kama mtu anayedaiwa. Mechi tulipoteza, lakini juma lililofuata saa 12 kasoro robo asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Ukimsamehe nyota wako mara moja, usishangae wa akiba nao wakianza kuharibikiwa na bajaji.

Darasa ni sehemu ya mazoezi

Januari 1987, katikati ya msimu wake wa kwanza, Calhoun aliwapoteza wachezaji wawili muhimu, Clifford Robinson na Phil Gamble. Hawakuumia wala hawakuhama. Masomo yao hayakufikia kiwango, wakazuiwa kucheza. Robinson alirudi, na baadaye akacheza NBA kwa misimu 18. Ungedhani chuo kile kilijifunza moja kwa moja. Wapi! Mwaka 2013 Connecticut ilifungiwa kushiriki mashindano ya taifa kwa sababu ya rekodi duni ya masomo ya wachezaji katika misimu iliyotangulia, misimu ambayo Calhoun huyohuyo alikuwa kocha. Kocha mwenye makombe matatu aliiachia timu yake adhabu iliyotokea darasani.

Kwa hiyo mapema kila muhula ninakwenda ofisi ya taaluma kuangalia nani ana sapu (mtihani wa marudio), nani hajafikisha alama za majaribio. Mwenye sapu anakuja mazoezini mara chache, na siku zilizobaki anajisomea na mwenzake wa kozi ileile. Walimu wa madarasa wakishaona kocha anawafuatilia wanafunzi wao, hata ukiomba ruhusa ya safari ya Ijumaa hawakukunjii uso.

Jambo jingine ni fildi. Wanafunzi wa vyuo vya kati huenda mafunzo kwa vitendo kwa majuma kadhaa, na hapo nusu ya timu inaweza kutawanyika. Chukua kalenda ya chuo, weka alama tarehe za fildi na za mitihani, ndipo upange mechi. Kocha anayeanza na ratiba ya mechi halafu akaililia ofisi ya taaluma amepanga kinyumenyume.

Rekebisha ulichonacho

Usisubiri uwanja wa ndani. Chukua futi kamba na upime. Pete inatakiwa iwe mita 3.05 kutoka sakafuni, na mstari wa mitupo ya adhabu uwe mita 4.6 kutoka usawa wa ubao. Viwanja vingi vya mashuleni vimechorwa kwa makisio, na kijana aliyezoea pete iliyoinama atakosa mitupo rahisi akienda ugenini.

Huku pwani adui mkubwa ni chumvi. Upepo wa bahari unakula chuma, na pete isiyopakwa rangi huanza kumeguka kutu. Ikwangue kwa msasa, piga rangi ya kuzuia kutu, kisha rudia kila mwaka. Wavu nao haununuliwi. Pete ina vishikizo 12, na mvuvi anayeshona nyavu pale Kilwa Kivinje atakusukia wavu kwa uzi wa nailoni huku mnapiga soga. Wetu umedumu kuliko wa dukani, na mpira ukipita unasikika, jambo ambalo vijana hulipenda kupita kiasi. Kabla ya kila zoezi wawili washike fagio. Mchanga juu ya saruji unateleza vibaya, na kifundo kikiteguka ndiyo basi muhula mzima.

Ulinzi kwanza, mbwembwe baadaye

Timu dhaifu haiwezi kuamka leo ikawa na wafungaji. Kukaba ni suala la miguu na nia, na kunafundishika haraka. Nusu ya kila zoezi letu haina kurusha kabisa: watu wanateleza kushoto na kulia magoti yamekunjwa, mikono wazi, macho kwenye kiuno cha mpinzani, kwa kuwa mpira unadanganya na macho yanadanganya, kiuno hakidanganyi.

Zoezi ninalolitegemea zaidi ni la kugombea mpira uliogonga pete. Jozi tatu zinasimama ndani ya eneo la hatari. Ninarusha makusudi mpira ukose. Kila mlinzi kwanza anamtafuta mtu wake, anamgeuzia mgongo, anamkalia mapajani na kumsukumia nje kwa makalio, ndipo anaangalia juu. Walinzi hawatoki mpaka wadake mitatu mfululizo. Siku za mwanzo wote wanakodolea hewani wakisubiri mpira udondoke kama embe. Wakishazoea, mfupi wa timu anaweza kumnyima mpira mtu anayempita kwa kichwa kizima.

Hatuna saa ya sekunde 24, kwa hiyo mchezaji wa akiba anahesabu kwa sauti, na zikifika 16 timu nzima inajua imebaki nafasi moja. Mitupo ya adhabu tunaiweka mwisho kabisa, baada ya mbio, miguu ikiwa mizito, kwa sababu kwenye mechi huipigi ukiwa umepumzika.

Tafuta warefu wasiocheza

Thabeet, mwenye urefu wa mita 2.21, alianza kikapu akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Alipofika Connecticut hakuwa mfungaji wa kutisha. Kazi yake ilikuwa kulinda pete, na msimu wa 2008/09 alikuwa akizuia mitupo zaidi ya minne kwa mechi, timu ikafika nusu fainali ya taifa. Kwa hiyo usiishie kwa waliocheza UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Pita kwenye mpira wa wavu, kwa makipa, na kwa yule mrefu anayekaa nyuma ya darasa. Mpe kazi moja tu: asimame chini ya pete, mikono juu, asifanye faulo. Kupiga chenga atajifunza mwakani.

Ratiba ifuate pwani

Miezi ya kusi upepo huongezeka mchana, na mtupo wa mbali unapeperuka. Kurusha tunafanya alfajiri. Jioni ni mbio na ulinzi. Ramadhani mazoezi hayasimami, yanapungua: tunakutana baada ya tarawehe panapokuwa na taa, la sivyo tunafanya mazoezi mepesi ya kupasi karibu na magharibi ili mtu amalize akafuturu. Hakuna mbio ndefu kwa aliyefunga, na hilo halijadiliwi.

Safari nazo zina yake. Kwenda Dar es Salaam tunategemea barabara moja ya pwani, na Mei 2024 mafuriko na Kimbunga Hidaya viliikata eneo la Somanga. Msimu wa mvua panga mechi za kirafiki na majirani.

Pima kisichoonekana kwenye matokeo

Nunua kaunta buku. Mpe mwanafunzi asiyecheza, mwenye mwandiko mzuri, aandike vitu vinne kila mechi: mipira mliyopoteza kizembe, mipira mliyodaka chini ya pete, mitupo ya adhabu iliyoingia, na waliochelewa kufika. Hivyo vinne hubadilika kabla ya matokeo kubadilika. Unaweza kufungwa mfululizo huku daftari likionyesha kwamba mpira haupotei ovyo tena. Hapo usibadilishe kitu.

Mkuu wa chuo atakuuliza kombe linakuja lini. Usimwahidi tarehe. Mpelekee daftari pamoja na orodha ya sapu za wachezaji wako, ya muhula uliopita na ya sasa. Kama orodha imefupika na mipira inayopotea imepungua, mwombe mipira miwili mipya na nauli ya mechi ijayo. Atakupa, maana umemwonyesha kazi kabla ya kumwomba pesa.