Kiwavi Akunjaye Jani

Wasomaji wetu walimao pamba, au walio na matuta machache ya bamia nyuma ya nyumba, wameona jani lililokunjwa kama mkeka. Wengine hudhani ni jua lililolikausha. Sivyo. Tukilifungua polepole tutamwona mwenye nyumba: kiwavi wa kijani hafifu, mwenye kichwa cheusi. Mama yake ni nondo wa rangi ya manjano iliyopauka, mwenye mistari ya kahawia kama mawimbi.

Basi, asiye na mikono alikunjaje jani lililo kubwa kuliko yeye? Chini ya kinywa chake pana tundu dogo litoalo maji ya hariri, nayo hugeuka mara kuwa uzi. Kiwavi hubandika uzi upande mmoja wa jani, huupeleka upande wa pili, tena hurudi, kichwa chake kikienda huku na huku. Kila uzi huvutika unapowekwa, nao hutaka kurudia ufupi wake. Uzi mmoja si kitu. Bali nyingi zikivuta pamoja, jani hupinda kidogo. Hapo nafasi imepungua, naye huweka nyuzi nyingine zilizo fupi zaidi, hata jani limezunguka lote.

Akiisha kujificha, hula kuta za nyumba yake. Ndege hamwoni, na dawa tunayonyunyizia juu ya majani haimfikii kwa urahisi; ndiyo sababu wengi wetu tumepoteza fedha bure.

Lakini nyumba hiyo ina kasoro moja: choo ki ndani, na punje nyeusi za kinyesi hujaa humo. Huko Marekani yuko kiwavi mwingine akunjaye majani, naye hurusha kinyesi chake mbali, hata mara 38 ya urefu wa mwili wake. Mtaalamu Martha Weiss alionyesha mwaka 2003 sababu yake: harufu ya kinyesi huwaongoza nyigu wawindao viwavi. Huyu wa bamia hajui ufundi huo, nasi twaweza kumtambua kwa uchafu wake.

Mwenye matuta machache na apite asubuhi, achume kila jani lililokunjwa, alichome moto au awape kuku. Asilifungue na kulitupa chini, maana kiwavi hujinyonganyonga akaponyoka. Wala asiliache lile lisilo na kiwavi pasipo kulitazama: pengine mna kitu cha kahawia kama kokwa ndogo, kisichokula wala kutembea, nacho baada ya siku chache kitatoka nondo.