Usingizi wa Mwenye Ugonjwa Sugu wa Mapafu



Katika ukaguzi mmoja huko Umatengo nilikuta stakabadhi za mizani zimejaa makosa, nikamwandikia karani onyo la uzembe. Nilikosea. Karani yule alikuwa na ugonjwa sugu wa mapafu, na usiku alikesha ameketi kitandani akikohoa.

Ugonjwa huu huletwa hasa na tumbaku, na moshi wa kuni, uwe wa jikoni Mbinga au wa kubanikia samaki Mbamba Bay. Mtu alalapo, pumzi hupungua kina. Mwenye mapafu yaliyoharibika hupungukiwa oksijeni katika damu, akaamka mara kwa mara, na mchana akasinzia.

Basi ainue kichwa na kifua kwa mito, asilale penye moshi hata katika baridi ya Juni na Julai, na dawa ya kuvuta aitumie kama alivyoagizwa. Pombe, na vidonge vya usingizi visivyoagizwa na daktari, hudhoofisha pumzi. Aamkaye kila asubuhi kichwa kikimuuma aende hospitali upesi. Naye aliyekohoa wiki mbili apimwe kwanza kifua kikuu, maana hicho hutibika kikapona.

Onyo nimelifuta. Karani yule sasa huanza kupima kahawa saa nne asubuhi, mwenziwe humtangulia.