Somo la Saba: Ramani ya Simu Janja kwa Mtembea kwa Miguu

Utangulizi

Jiji la Mwanza limejengwa juu ya vilima na miamba ya matale, na mbele yake limetandazwa Ziwa Victoria. Siku za mapumziko wakazi na wageni hupanda vilima vinavyolizunguka jiji, huvuka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, au hufuata vijia vya wavuvi kwenye mwambao wa Ilemela, Magu na Ukerewe. Zamani mtembeaji aliongozwa na mwenyeji. Leo wengi huongozwa na simu iliyo mkononi, na baadhi yao hawamuulizi mwenyeji hata akipita karibu.

Ramani ya simu ni msaada mkubwa kwa anayeelewa inavyofanya kazi. Asiyeielewa huiamini pale isipostahili kuaminiwa, na huiacha pale ambapo ingemwokoa. Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza:

(a) kueleza namna simu inavyotambua mahali ilipo, na kutofautisha huduma hiyo na intaneti;
(b) kutambua makosa ya kawaida ya ramani katika mazingira ya ziwa na miamba;
(c) kujiandaa kwa safari ya miguu mahali pasipo na mtandao;
(d) kutaja mahali alipo kwa usahihi anapoomba msaada, na
(e) kulinda taarifa zake binafsi anapotumia programu za ramani.

1. Simu hujuaje mahali ulipo?

Simu janja ina kipokezi kinachosikiliza mawimbi ya satelaiti. Satelaiti za GPS, mfumo wa Marekani, huzunguka dunia kwenye kimo cha takriban kilomita 20,200. Simu nyingi za sasa hupokea pia mawimbi ya mifumo ya Urusi, Ulaya na China. Kila satelaiti hutangaza saa yake na mahali ilipo. Simu hupima muda ambao wimbi limetumia kufika, na kutokana na muda huo hukokotoa umbali. Ikipata satelaiti 4 au zaidi, hujua mahali ilipo na kimo chake.

Yapo mambo matatu ambayo mtumiaji anapaswa kuyakumbuka.

Kwanza, simu haitumi chochote kwenye satelaiti, inapokea tu. Kwa hiyo kipokezi cha GPS hakihitaji salio, bando wala laini ya simu. Kinachotumia bando ni picha ya ramani ambayo programu huipakua ili nukta ya bluu ipate mahali pa kukaa. Ndiyo maana mtu aliye mahali pasipo na mtandao huona nukta yake ikielea juu ya karatasi tupu: simu inajua ilipo, bali haina ramani ya kumwonyesha.

Pili, mtandao wa simu husaidia kuharakisha kazi hiyo. Bila mtandao, simu hulazimika kupokea taarifa zote kutoka kwenye satelaiti zenyewe, na huenda ikachukua dakika kadhaa kujitambua. Mtumiaji asimame mahali pa wazi na awe na subira.

Tatu, usahihi una mpaka. Chini ya anga iliyo wazi, simu ya kawaida hukosea kwa takriban mita 5. Katikati ya miamba mirefu, mawimbi hugonga jiwe na kurudi, hivyo nukta huweza kuruka makumi ya mita. Duara hafifu linaloizunguka nukta ni ungamo la simu kwamba haina hakika. Duara likiwa pana, usifanye uamuzi wa kushuka genge au kukata kona.

2. Mfano wa kujifunzia

Chukulia kwamba vijana watatu wanaondoka Igombe saa 9:00 alasiri, wakikusudia kufuata mwambao hadi Kayenze na kurudi mjini kwa gari. Programu inawaonyesha kijia kinachokata kando ya ghuba ndogo, na inakadiria muda mfupi. Simu mbili zina betri nusu. Ya tatu inatumika kupiga picha na kucheza muziki. Hakuna aliyepakua ramani.

Saa 11:30 jioni kijia kinaishia kwenye mafunjo. Katika picha ya satelaiti eneo hilo ni la kijani, nao wakalidhania kuwa nyasi. Mtandao umekatika, ramani haisogei, na simu iliyokuwa ikiongoza ina asilimia 9 ya betri. Mmoja anapendekeza wapite majini, kwa kuwa ng'ambo inaonekana. Wanapobishana, mzee mmoja anayekunja nyavu zake anawauliza waendako.

"Shikamoo, mzee. Tunaifuata njia hii hapa," anajibu mmoja, akimwonyesha simu.

"Marahaba, wanangu. Njia hiyo ilikuwapo kabla maji hayajapanda. Sasa ni ya viboko. Rudini kwenye ule mwembe, mshike barabara ya ng'ombe kabla giza halijaingia."

Mfano huu haukusudii kulaumu teknolojia, maana satelaiti hazikukosea hata kidogo. Nukta ilikuwa mahali pake. Kilichokosea ni ramani iliyokuwa chini ya nukta, pamoja na maandalizi ya walioishika simu.

3. Makosa ya ramani unayopaswa kuyatarajia

Mstari wa maji hausimami mahali pamoja. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda kufikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1964, na sehemu nyingi za mwambao zilifunikwa. Rangi ya bluu kwenye ramani huonyesha maji yalipokuwa siku ramani ilipochorwa, wala haikuahidi kwamba yatabaki hapo.

Kijani si lazima kiwe nchi kavu. Magugu maji na mafunjo huonekana kama shamba katika picha iliyopigwa kutoka angani. Ukanda wa namna hiyo ndiyo makazi ya viboko na mamba. Usiingie humo kwa sababu tu programu imekuonyesha njia fupi.

Ramani huzeeka. Daraja la John Pombe Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Ramani iliyopakuliwa kabla ya hapo na isiyosasishwa itaendelea kukuelekeza kwenye kivuko. Ikiwa daraja kubwa kiasi hicho laweza kukosekana, itakuwaje kwa kijia cha mbuzi kilicholimwa msimu uliopita?

Umbali wa mstari mnyoofu si umbali wa kutembea. Kutoka katikati ya jiji, Kamanga iko ng'ambo ya ghuba na yaonekana kwa macho; lakini asiyepanda kivuko atalazimika kuzunguka mwendo mrefu. Kadhalika, makadirio ya muda hutegemea mtu anayetembea kwenye njia nzuri, kwa wastani wa kilomita 5 hivi kwa saa. Juu ya miamba, mwendo huo hupungua hata kufikia nusu yake.

Mtumiaji ajue pia kwamba ramani nyingi huchorwa na watu wa kawaida. OpenStreetMap, iliyoanzishwa mwaka 2004, hujazwa na watu wanaojitolea, na programu kama Organic Maps na OsmAnd hutumia taarifa zake. Hapa Tanzania, mradi wa Crowd2Map ulianza mwaka 2015 kuingiza vijiji na barabara ambazo hazikuwamo kwenye ramani. Mkoani Mara ramani hizo zimesaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji. Ukigundua kijia kilichofungwa au kisima kisichoonyeshwa, unaweza kukiripoti kupitia programu unayoitumia. Atakayefuata atakushukuru.

4. Maandalizi kabla ya safari

Pakua ramani ya eneo lote ungali nyumbani, tena eneo pana kuliko unalokusudia kulipita. Kisha ijaribu: weka simu katika hali ya ndege, fungua programu, na usogeze ramani hadi mwisho wa safari yako. Isipoonekana sebuleni, haitaonekana kilimani.

Weka alama mahali pa kuanzia, penye maji ya kunywa, penye barabara ya gari, na penye kituo cha afya kilicho karibu. Washa kipengele cha kurekodi njia unapoanza kutembea, ili uweze kurudi kwa nyayo zako mwenyewe.

Jaza betri hadi mwisho. Njiani punguza mwanga wa skrini, funga programu usizozihitaji, na zima utafutaji wa mtandao pale usipopatikana, kwa kuwa simu inayotafuta mnara bila kuupata humaliza betri upesi. Beba betri ya akiba, ambayo wengi huiita pawabenki, na mfuko wa plastiki wa kuikinga simu na maji. Kikundi kiwe na simu moja ambayo haiguswi hadi itakapohitajika.

Mwambie mtu anayebaki nyumbani njia utakayoipita, saa utakayorudi, na saa ambayo akiwa hajakusikia atafute msaada. Kwenye maeneo ya hifadhi, fuata masharti ya kuingia na umtumie kiongozi pale anapohitajika.

Kanuni ya nusu: Mwanza jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:10 jioni mwaka mzima, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, giza huingia upesi. Hesabu saa zilizobaki hadi saa 12:30, uzigawe kwa mbili. Muda huo ukifika kabla hujafika uendako, geuka urudi. Kanuni hiyo hiyo itumike kwa betri na kwa maji ya kunywa.

5. Kutaja mahali ulipo

Ukibonyeza na kushikilia nukta yako, programu nyingi huonyesha namba mbili. Ya kwanza ni latitudo, yaani umbali kutoka ikweta. Ya pili ni longitudo. Katikati ya Jiji la Mwanza ni takriban -2.52, 32.90.

Alama ya kutoa iliyo mwanzoni ina maana ya kusini mwa ikweta. Ukiisahau, utakuwa umemwelekeza mwokoaji kaskazini mwa Uganda, si mbali na mji wa Lira, zaidi ya kilomita 550 kutoka ulipo. Ukizigeuza namba, ukatanguliza 32.90, utakuwa umempeleka Afrika ya Kaskazini. Kwa hiyo soma polepole, tarakimu moja moja, na umwombe anayesikiliza azirudie. Tarakimu nne baada ya nukta humfikisha mtu ndani ya mita 11 hivi. Mbili peke yake zaweza kumwacha mbali kwa zaidi ya nusu kilomita. Ongeza maelezo yanayoonekana kwa macho: jiwe, mti, mnara, rangi ya nyumba.

6. Ukihisi umepotea

Simama. Usiendelee kwa kubahatisha. Kaa mahali pa wazi hadi duara la nukta lipungue. Linganisha ramani na unachokiona: ziwa liko upande gani, na jua linaelekea wapi? Kumbuka kwamba adhuhuri hapa jua huwa karibu na utosi, na kivuli hakitakusaidia sana kujua mwelekeo. Rudi kwa njia iliyorekodiwa badala ya kutafuta njia ya mkato. Muulize mwenyeji, kwa maana kuuliza si ujinga.

Jambo likiwa la hatari, piga 112 kwa dharura, au 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ujumbe mfupi wa maandishi huweza kupita pale ambapo sauti inakatika. Mtumie mtu uliyemwachia taarifa zako zile namba mbili.

7. Haki na wajibu wako

Programu ya ramani inahitaji kujua ulipo wakati unapoitumia. Haihitaji kujua ulipolala. Katika mipangilio ya simu, chagua ruhusa ya "wakati wa kutumia tu". Washirikishe watu unaowaamini mahali ulipo, weka muda wa kikomo, na usichapishe mwendo wako hadharani ungali njiani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa madhumuni gani.

Ukiwa karibu na mpaka, mathalani Sirari au Mutukula, simu yaweza kudaka mtandao wa nchi jirani na kukutoza kwa viwango tofauti. Zima matumizi ya data kwenye mitandao ya nje kabla ya kufika huko. Ukitozwa isivyo halali, au bando likaisha bila maelezo, wasilisha malalamiko kwanza kwa mtoa huduma wako na uombe namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu, yafikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania pamoja na namba hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Je, GPS hutumia bando?
2. Umeanza kutembea saa 9:00 alasiri. Kwa kanuni ya nusu, ugeuke saa ngapi?
3. Rafiki yako amekutumia "2.5164, 32.9175" akisema yuko Mwanza. Amekosea wapi?
4. Ni nani aliyekuwa na ramani mpya kuliko zote katika mfano wa sehemu ya pili?

Majibu: (1) Hapana, kinachotumia bando ni kupakua ramani. (2) Saa 10:45. (3) Amesahau alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza. (4) Mzee aliyekuwa akikunja nyavu.