Ana Ualbino, Amenyimwa Chumba: Sheria Inamtambuaje?

SWALI: Ndugu yangu ana ualbino. Anatembea na kufanya kazi zake vizuri, lakini mwenye nyumba amemkatalia chumba. Kisheria, naye anahesabiwa kuwa mtu mwenye ulemavu?
Msomaji, Nyalikungu, Maswa

JIBU: Ndiyo, hoja hiyo ina nguvu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haipimi miguu na macho peke yake. Inamtazama mtu mwenye upungufu wa kimwili, kiakili au wa hisi, kisha inauliza ni vikwazo gani vinavyomzuia: mitazamo ya watu, mazingira au taratibu za taasisi. Hapo ndipo kisa cha ndugu huyu kinapoangukia. Ngozi na macho yake hayamzuii kulipa kodi. Anayemzuia ni mwenye nyumba. Mwaka 2017 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu Wenye Ulemavu, katika shauri la Mtanzania mwenye ualbino aliyeshambuliwa mwaka 2010, ilikubali kwamba ualbino unaingia katika tafsiri ya ulemavu. Tanzania iliridhia mkataba unaosimamiwa na kamati hiyo mwaka 2009.

Udhaifu uko kwingine. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, ila orodha yake haitaji ulemavu kwa jina. Wakili atalazimika kuegemea maneno "hali yao ya maisha". Ni pengo linalostahili kuzibwa.

Kwa sasa, ndugu huyo aandike tarehe na maneno aliyoambiwa, awatafute mashahidi, kisha amwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.